Mtoto Aliyekuwa Mashini

Yule mkaguzi simsamehe, wala sioni haya kusema. Alikuwa mtu wa chama, koti lake la abacost, vazi la wakubwa wa chama, limefungwa vifungo mpaka kooni, na ndiye aliyeamua kama nitabaki na darasa langu la kwanza pale Lubumbashi au nitatupwa shule ya Kasomeno, mbali huko kijijini.

Darasa lile nililipenda kupita kiasi. Kaka yangu alifanya kazi katika ofisi moja ya kampuni ya shaba yenye kompyuta, akaniambia: ile haifikiri, inafuata tu ulichoipangia, hatua kwa hatua. Basi nikaokota mawe. La kijani, lenye shaba ndani, lilimaanisha piga hatua moja. Jeusi, kutoka lundo la kiwanda, geuka kulia. Kizibo cha chupa, okota chaki. Watoto waliyapanga sakafuni kwa mstari, na mmoja wao akawa mashini. Mashini haikuruhusiwa kufanya lolote ambalo halikupangwa. Ikipotea njia, wenzake hawakuicheka. Walirudi kwenye mawe kutafuta kosa lao.

Siku ya ukaguzi mashini alikuwa binti wa muuza vitambaa, mtu wa Maniema. Alikuwa na miaka sita. Mkaguzi akaingia. Enzi zile za chama kimoja kila mtoto alijua: mkubwa akiingia, unaruka, unapiga makofi, unaimba sifa za chama. Darasa zima likaruka. Yeye akabaki kimya katikati, mikono ubavuni, akingoja mawe.

“Citoyenne,” mkaguzi akaniambia, kwani chama kilitaka tuitane wananchi kwa Kifaransa, “uyu mutoto anazarau chama?”

“Hapana, citoyen. Iko mashini. Hatuyamupangia kuimba.”

Jibu la kijinga lile! Uso ukamvimba.

“Kumbe unafundisha batoto kukataa. Umupige fimbo tano sasa hivi, ao kesho uko Kasomeno.”

Wapo watakaosema wao wangekataa. Waongo wakubwa. Mnyonge hana haki, ndivyo tulivyoishi, nami nilikuwa mnyonge na mwoga pia. Nikachukua fimbo. Mtoto akaninong’oneza:

“Mwalimu, niko mashini bado?”

Ningesema hapana, angelia, angenikimbia, angekuwa mtoto. Niliogopa asije akaniharibia mbele ya yule bwana. Hata leo najichukia kwa nilichomjibu.

“Ndiyo,” nikasema. “Uko mashini.”

Akasimama palepale mpaka fimbo ya tano, bila kuinua hata mkono. Mkaguzi akaandika kwamba nidhamu ya darasa langu ni nzuri sana, na darasa nikabaki nalo.