Tundu Lisilokuwa na Vumbi

Hata leo, ngurumo ikianza kusikika upande wa ziwa, mkono wangu unakwenda wenyewe ukutani kuchomoa waya. Watoto wangu wananicheka. Wacheke tu, hawakukulia kwetu Kadutu chini ya sheria za papa, baba yangu.

Wingu likishakuwa jeusi, papa alifunika kioo cha kujitazamia, akazima redio, na sisi watoto tukapelekwa kukaa kitandani, mbali na ukuta. Ordinatere, yaani kompyuta, ilipoingia nyumbani, nayo ikaingia katika sheria hizo. Papa alichomoa nyaya zote, hata zile za nyuma zisizofika ukutani, akaifunika kitambaa cha maman cha kusuka. Mvua ikipita, alirudisha mwenyewe. Mtoto hakuruhusiwa kusogeza hata kidole.

Siku moja akarudisha, na ekra, kioo chake cha kuonyeshea, ikakataa.

Dada yangu mkubwa, Yaya Nsimire, alitakiwa kupeleka kazi yake ya mwisho ya chuo kesho yake asubuhi, la sivyo angerudia mwaka. Kazi yote ilikuwa ndani ya mashine ile, maana flashi yake ilikuwa imeliwa na virusi. Akawasha. Feni ikavuma, taa ya kijani ikawaka, harufu ya vumbi lililopata moto ikajaa chumbani. Ekra ikabaki nyeusi tii.

"Papa, uligusa nini?"

"Sikugusa kitu. Nilirudisha vile ilikuwa."

Akazima, akawasha, wapi. Akaifungua mashine, akatoa vibao vya memori, akavisugua kwa gomu yangu ya shule ya kufutia mpaka ikabaki nusu, na hakuna aliyenipa pole. Bado giza. Papa akapanda mlima kwa mama mmoja aliyekuwa akipigia watu barua kwa mashine, akarudi na ekra yake ameifunga ndani ya kitenge. Nayo nyeusi vilevile. Mimi nilitamani kupiga teke kitu chochote kilichokuwa karibu.

Yaya akakaa chini kwenye sakafu ya sima, akalia kwa hasira. "Hii radi yako, papa, ndiyo imeniua."

Papa akaifunga tena ekra ya watu na kwenda kuirudisha kabla mvua haijaanza tena.

Ngurumo ikapiga papa akiwa bado njiani. Yaya hakujali. Mimi niliogopa papa angerudi akute nyaya bado zimechomekwa, nikainama nyuma ya mashine nizichomoe. Kote kulikuwa na vumbi jekundu la barabara yetu, isipokuwa tundu moja la chini, linang'aa kama lililozoea kuzibwa na waya. Waya wa ekra ulikuwa umechomekwa katika tundu lingine la juu, linalofanana nalo, na lile lilikuwa na vumbi pembeni mote.

"Yaya, huku kuko katundu kamoja hakana vumbi."

Akaja mbio, akachomoa, akachomeka chini. Ekra ikawaka. Kazi yake ilikuwepo yote. Tulikuwa bado tunacheka pale papa alipoingia amelowa, akaniona nimeshika waya. Alininyakua mkono, akanitupa kitandani, akang'oa kila kitu. Giza tena. Yaya alipiga kelele, nami nikamchukia papa kwa moyo wangu wote.

Mvua ilipoisha, alimwachia Yaya kurudisha nyaya mwenyewe. Kazi ilifika chuoni asubuhi. Lakini sikumsemesha papa mpaka Jumapili.

Miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya nyanya yetu huko Nyantende, shangazi alinieleza habari za mdogo wao wa kike, ambaye papa hakuwahi kumtaja. Walikuwa wadogo, mvua inakuja, redio inaimba. Papa alikuwa amejilaza. Akamtuma mdogo wake aende kuchomoa waya wa antena. Radi ikapiga akiwa ameushika.

Watoto wangu wakinicheka, nawapeleka kitandani. Waya nachomoa mwenyewe.