Mshono wa Vidole Viwili

Tik.

Nilitoka kwenye jua la adhuhuri nikaingia chumba kisicho na dirisha, na sauti hiyo ikanifikia kabla macho hayajazoea giza. Ilitoka juu, upande wa kitanda.

"Fundi," mwenye chumba alisema akiwa jikoni kwake, nyuma ya pazia. "Umesahau kifaa ama umekuja kula?"

Vitu vilijitokeza polepole: baiskeli anayosambazia mikate Kawangware, imening'inia kwenye reki ya chuma niliyoifunga ukutani jana, chini yake kitanda, kitandani mwanawe wa miezi saba, amelala chali. Baiskeli yake ya kwanza iliibwa barazani, na chumba hakikuwa na ukuta mwingine mtupu.

Karakana yetu iko Kibera, upande wa Olympic. Tunaunda fremu za baiskeli, na kwa mabomba yanayobaki tunatengeneza reki, kila moja kwa kipimo cha ukuta wa mwenyewe. Mashine ya posho ya jirani, ya kusaga unga, ikianza kunguruma, unaacha kuchomea, kwa sababu stima inafifia na chuma hakiyeyuki hadi ndani. Na aliyechomea reki huijaribu kwa kulala chini yake, baiskeli ikiwa juu, mpaka mkubwa wetu amalize kikombe cha chai.

Kwenye reki ya mama huyu nilikuwa nimebakiza mshono wa upana wa vidole viwili mashine iliponguruma. Nikamalizia tu. Nikausugua mshono kwa grinda ukang'aa kama mingine, nikaupaka rangi nyeusi. Mteja alipokuja nililala chini ya reki, yeye akitazama, na mkubwa akanywa chai bila haraka. "Usikorome," aliniambia, "mama wa watu atadhani ni karakana ya kulala."

Haikuanguka. Lakini tangu hapo vile vidole viwili havikunitoka kichwani.

Tik.

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Ni mabati. Jua likiwaka yanalia hivyo mpaka jioni." Alicheka. "Nyinyi watu wa Kibera mnaogopa mpaka mabati. Kwani kwenu mmeezeka nini?"

Nilitamani sana awe amesema kweli. Niliweka kiganja kwenye gurudumu la mbele, nikangoja. Jasho lilinishuka mgongoni. Mtoto alichezesha midomo, akanyonya hewa.

Tik. Gurudumu likatetemeka mkononi mwangu.

"Mama, mtoe mtoto."

"Si ulilala chini yake nikiona?"

"Nililala. Lakini kuna mahali nilichomea stima ikiwa chini. Mtoe."

Alimnyakua. Niliikumbatia baiskeli, nikaishusha. Pembeni mwa mshono rangi ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Mama aliupitishia ukucha, kisha kidole kilekile akakiweka kwenye utosi wa mtoto, akakiacha hapo.

"Ulijua tangu jana," alisema.

"Nilijua."

Nilifungua bolti nne.

"Kesho asubuhi nitaichomea upya, kabla mashine haijawashwa. Nitalala chini yake tena, chai mbili..."

"Sitaki chai. Utalala hapa, kwenye kitanda hiki. Mimi nitaweka maharagwe jikoni, na utaamka yakiiva."

Nikasema sawa. Nilitoka na reki begani, na pamoja na joto lote lile, akaufunga mlango nyuma yangu.