Neno Lililokuwa Kwenye Dumu la Maji

Pampu ya kunyunyizia dawa ya pamba ina mlio wake, fsii, fsii, na kwetu Ipililo mlio huo ulitujulisha kwamba pamba imeanza kutoa vitumba. Enzi za ushirika dawa ililetwa na bwana shamba, na madumu matupu aliyakusanya mwenyewe akayafukia. Kisha biashara ikaachiwa huria, wakaja wafanyabiashara binafsi na dawa zenye Kiingereza kitupu, na bwana shamba tukawa hatumwoni tena. Mwaka huo Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, alibaki na dumu tupu la njano, zuri kweli, lenye mfuniko unaokaza. Nani angelitupa? Alilisugua kwa majivu na maji ya moto siku mbili, akalifanya la maji ya kunywa shambani. Harufu ilibaki kidogo, tukaizoea.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na kwa Kiingereza nilikuwa na kiherehere. Ubavuni mwa dumu palikuwa na herufi zilizochomoza kwenye plastiki yenyewe, na asubuhi moja nikazinakili daftarini: poison. Niliandika mara kumi, kwa mwandiko wa kujionyesha, nikanywa kikombe cha maji, nikaenda shule. Mwalimu alipolifikia neno lile akaniuliza nimelitoa wapi. Nikamjibu kwa maringo kuwa ni kwenye dumu letu la maji. Akaweka kalamu chini.

"Hilo neno ni sumu, binti. Kimbia kwa mama yako."

Sijawahi kuogopa vile. Nilikimbia nimeshika tumbo, kila nikikohoa najua ndiyo nakufa, lakini aliyenitoa machozi ni Masanja, mdogo wangu wa miaka minne, aliyeshinda shambani na Mayu wiki nzima akinywa kuliko sisi sote. Nilimkuta kati ya mistari ya pamba, anatapika. Mayu alikuwa amemshika kichwa, na mkono wa pili una kikombe cha maji yale yale, anambembeleza anywe apoe. Nilikipiga kikombe kikaruka, nikamwambia aliyosema mwalimu. Hakunigombeza. Alikaa chini palepale udongoni.

"Nimempa kwa mkono wangu," alisema.

Baba alimpeleka zahanati kwa baiskeli. Siku tatu hatukujua kama atarudi nyumbani mzima. Siku ya nne akaomba uji.

Leo nafundisha Kiingereza mjini Bariadi. Kwenye kamusi moja kubwa nilisoma kwamba neno lile lilianzia Kilatini likapitia Kifaransa, na mwanzoni kabisa lilimaanisha kinywaji tu, cha kawaida. Niliifunga kamusi, na Mayu sijamwambia. Madukani sasa dawa zina maandishi ya Kiswahili, na Masanja ni baba wa watoto watatu. Lakini Mayu akija kwangu, hata maji yawe ya chupa niliyoifungua mbele yake, huonja yeye kwanza, akatulia kidogo akijisikilizia, ndipo akawapa wajukuu.