Kiti cha Kushoto, Njia ya Nimule

Krismasi ikikaribia, wanakuja kuniuliza. Hapa Hai Malakal, mtaani kwetu Juba, inajulikana kwamba nilikuwa mtu wa kwenda likizo Kampala na gari langu mwenyewe, kwa hiyo kila aliyenunua gari miaka hii ya amani anadhani nina siri fulani. Sina. Nilichokuwa nacho ni mke, na njia ya Nimule ilimchukua.

Safari hii alikuja jirani yangu, mtu aliyekulia Uganda, mchangamfu kupita kiasi. Tukasimama kando ya gari lake, jipya kwetu, kuukuu kwa Wajapani. Nikamwambia yale ninayowaambia wote. Beba tairi mbili za spea, maana moja itakwisha kabla hujaona mpaka. Bima ya kule inunue ofisini palepale mpakani, usimsikilize anayekuja dirishani. Ukibanwa na haja njiani, usiingie vichakani. Mabomu ya vita bado yamelala kwenye nyasi zile, nayo hayana habari na mkataba wa amani. Ukivuka mpaka pale Nimule, hamia kushoto. Ukirudi, hamia kulia, tena ujikumbushe kwa sauti, kwa sababu mkono utakuwa umeshazoea.

"Hiyo yote mimi iko najua," akasema. "Hakuna ingine?"

Lipo jingine. Linanikera kulisema, kwa sababu kila mtu analijua na hakuna anayeliogopa. Magari yetu tunayatoa Kampala na Mombasa, usukani uko kulia. Huku kwetu nako tunaendesha upande wa kulia. Basi ukiwa nyuma ya lori, wewe dereva unaona bodi la lori na vichaka tu. Anayeiona barabara ni aliyekaa kiti cha kushoto. Ndiyo maana sote huwaweka wake zetu pale. Mke anachungulia, anasema "ngoja," anasema "bado," anasema "pita," nawe unapita bila kuona kitu. Tumeifanya desturi, hata tunataniana: fulani amepata mke mwenye macho.

Wangu alikuwa nayo. Tulikuwa tunarudi nyumbani, tumepumzika, tumenenepa kwa matoke, tumeshaivuka Nimule. Mbele yetu lori la mchanga, vumbi limepanda hadi juu ya miti. Akachungulia, akachungulia tena, akasema, "Pita." Nikapita. Ndani ya vumbi lile kulikuwa na lori jingine linakuja, halina taa. Ukichomoka kulipita gari, upande wa kushoto ndio unaotangulia, kwa hiyo ndio uliogongwa. Mimi nilivunjika kidole. Kidole! Nimemkasirikia Mungu kwa kidole hicho kuliko kwa jambo lingine lolote.

"Usipite malori," nikamwambia jirani. "Ukirudi, kaa nyuma, kula vumbi mpaka Juba."

Akacheka, kisha akakumbuka anaongea na nani, akajikohoza. "Pole sana, bwana. Lakini hiyo si mimi nitafika Pasaka? Kalas, basi, madam yangu iko na macho mzuri."

Sikubishana. Zamani ningebishana mpaka nipandwe na jazba. Siku hizi nimekata tamaa. Wote hunipa pole, wote husikiliza kwa adabu, na wote huenda kuyapita malori.

Asubuhi ya safari mkewe alikuja kuniaga. Yeye alikulia Kenya kama mimi, na alimjua mke wangu vizuri. Walikuwa wakisukana nywele hapa uani. Mumewe alikuwa nje ameshawasha gari, anapiga honi. Yule mama hakuondoka.

"Shemeji," akasema, "tukirudi, vumbi likiwa jingi, nimwambie nini?"

"Mwambie angoje. Hata kama huoni kitu. Hasa kama huoni kitu."

"Anakasirika nikimchelewesha."

"Akasirike."

Akatazama chini. "Na nikikosea?"

Jibu nilikuwa nalo. Akikosea hatajua. Atakayeamka na neno lake masikioni, kila siku ya Mungu, ni yule anayepiga honi nje. Nilimtazama, mzima, amevaa gauni la safari, nikashindwa kulitoa mdomoni. Nikamwambia afunge mkanda.