Mji Uliokunywa Chumvi Ukasifu

Saa tisa alasiri, Fusae Kitamori anatoka langoni na ndoo ya mbao na kata ya mwanzi. Amevaa kimono ya kijivu, mikono ya vazi ameikunja na kuifunga kwa kamba ili isilowe. Anachota maji, anayarusha mkono ukiwa chini, na maji yanatandaa juu ya mawe ya njia bila kuruka. Anarudia mpaka mawe yote, kuanzia barabarani hadi kizingiti, yanakuwa meusi na kung'aa.

Hapa Tobune hata mtoto anajua maana ya mawe hayo. Yakilowa, nyumba imefagiliwa, jiko limewaka, mwenye njaa na apite ndani.

Leo hakuna aliyeagiza meza katika mgahawa wa Sasanoya. Jana pia hakuna.

Bi Yasue, mwenye saluni ya jirani, anapita akisukuma baiskeli yenye kapu la vitunguu. "Mama, leo mna wageni?"

"Wapo njiani," anajibu Fusae.

"Njia yenyewe ndefu basi," anasema Bi Yasue na kucheka. Kisha anatambua alichosema, anaziba mdomo kwa mkono, anainama mara mbili na kuikokota baiskeli yake haraka kama aliyevunja chombo cha watu.

Fusae, mwenye miaka sitini na saba, anamalizia maji yaliyobaki kwenye shina la mwanzi ulioko langoni. "Angalau yeye amesema kitu," anasema.

Sasanoya si kibanda cha tambi. Ni nyumba ya vyumba vinne vya mikeka na bustani moja ya mawe yaliyoota ukoga wa kijani, iliyojengwa na babu wa mumewe. Mlo wa mtu mmoja ni yeni elfu kumi na nne, fedha ambayo mfanyakazi wa kiwanda chetu cha mbao hawezi kuipata kwa siku moja. Lakini watu waliweka akiba wakaja. Mji huu mdogo ulifanyia hapa mambo yake makubwa. Nani kati yetu hakukaa kwenye chumba cha bustani, kile cha juu kinachoitazama, miguu imekufa ganzi, akitazamana na wakwe zake kwa mara ya kwanza?

Na kila aliyekaa pale aliisubiri bakuli. Vyakula huja kimoja kimoja, samaki mbichi, uyoga wa kuchomwa kwa makaa, lakini mlo wote husimama au huanguka kwenye supu. Ni supu nyepesi, karibu maji matupu kwa kuitazama: mwani, samaki mkavu aliyeparuzwa mwembamba kama ganda la kitunguu, kipande cha tofu laini ya soya, na juu yake kipande kama ukucha cha ganda la ndimu ya majira ya baridi. Huletwa katika bakuli nyeusi ya mti yenye kifuniko. Mgeni akifunua, mvuke humpiga usoni, na chumba kizima hunyamaza.

Aliyeipika kwa miaka arobaini na tatu ni Sadaharu Kitamori, mume wa Fusae, ambaye sasa ana miaka sabini na mmoja. Na kwa miaka yote hiyo haikutoka jikoni kabla mkewe hajaionja. Ni desturi iliyowekwa na mama mkwe wake. Mpishi haamini ulimi wake mwenyewe katika supu ya mwisho, kwa sababu ulimi wa mpishi umeshachoka. Mke huonja kijiko kimoja, kisha husema neno moja tu.

"Imetulia."

Likisemwa hilo, bakuli hufunikwa na kwenda. Asiposema, supu humwagwa.

Majira matatu ya baridi yaliyopita, Sadaharu aliugua homa kali. Alipona miguu, akapona kifua, akarudi jikoni. Siku ya kwanza alichukua ndimu, akaikata ganda, akaisogeza puani.

"Akaniuliza, 'Mama, hii ndimu ni ya lini?'" anakumbuka Fusae. Wameitana mama na baba tangu binti yao azaliwe. "Nikamwambia labda ni ya wiki iliyopita. Ilikuwa imechumwa asubuhi ile ile."

Jioni hiyo kulikuwa na familia mbili katika chumba cha bustani, zimekuja kuposa. Sadaharu alikoroga, akaongeza chumvi, akaongeza tena, akampa mkewe kijiko.

"Iliniuma hapa," anasema Fusae na kushika taya. "Sijapata kuonja chumvi kama ile nyumbani kwangu. Nikamtazama. Alikuwa amekonda, kola ya shati inamning'inia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri daktari. Nikasema, 'Imetulia.'"

Bakuli zikafunikwa zikaenda. Wageni wakafunua, wakainama, wakanywa.

Sasa msomaji wa mji mwingine atauliza: wageni hao hawakuwa na ndimi? Walikuwa nazo. Wazazi wote wawili wa bwana harusi wanakumbuka vizuri ile supu. Lakini kwetu bakuli ya Sasanoya hairudishwi na kitu ndani. Kubakiza ni kumtukana mpishi, na kumtukana mpishi mbele ya wakwe ni kujitukana mwenyewe. Wakanywa hadi tone la mwisho. Langoni wakamwambia Fusae kwamba ilikuwa tamu kama siku zote.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mlo kwa mlo. Walikuja wazee wa kiwanda cha mbao, wakanywa, wakasifu. Alikuja Hirobe, muuza tofu, rafiki wa Sadaharu tangu darasa la kwanza, akaleta ukoo mzima kwa kumbukumbu ya marehemu mkewe. Shangazi mmoja alikohoa baada ya supu mpaka machozi yakamtoka, na waliokaa naye wakasema ni huzuni. Wakanywa. Wakasifu. Kisha, kaya baada ya kaya, wakaacha kuja.

Niliwafuata baadhi yao, kalamu mkononi, kuwauliza.

"Mtu amepika nusu karne, mimi nimwambie supu yako ina chumvi?" alisema mwalimu mmoja mstaafu, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa malezi. "Afadhali nimpige kofi. Kofi linapona."

Msimamizi mmoja wa kiwandani alikuwa mkweli zaidi. Siku hizi karamu zao wanazifanyia kwenye hoteli iliyo karibu na stesheni. "Chakula cha pale si kizuri," alisema. "Lakini hakimdai mtu uongo."

Tunajisifu kwa adabu katika bonde hili. Watu wa mjini wakija tunawacheka wanavyopayuka. Basi na tuitazame adabu yetu vizuri, maana ni hiyo iliyofunga vyumba vitatu kati ya vinne vya nyumba ile, na hakuna aliyepandisha sauti.

Lililouvunja ukimya ni birika.

Nagisa, binti wa pekee wa nyumba hiyo, ana miaka thelathini na sita. Ndiye anayepanda na kushuka na sinia. Zamani chumba kimoja kilimaliza birika moja la chai kwa mlo mzima. Yakawa mawili, yakawa matatu. Masika ya mwaka huu, siku ya wageni wachache waliobaki, aliingia jikoni na birika tupu mkononi.

"Baba, chumba cha bustani wanaomba chai tena."

"Wana kiu. Wapelekee."

"Nimeshawapelekea. Baba, nje kuna baridi na wamekaa kwenye mito. Watu waliokaa kwenye mito hawapati kiu ya wabeba magogo."

Sadaharu akaweka kata chini. Hakumtazama binti yake. Alimgeukia mkewe.

"Mama. Imetulia?"

Fusae hakujibu. Anasema alisikia maji yakichemka, akasikia wageni wakicheka juu, na hakujibu.

Nilimkuta Sadaharu ameketi kwenye kigoda jikoni, mgongo kaupa jiko. Ni mtu mkubwa wa mabega, na viganja vyake vina makovu ya visu yaliyopauka. Hajapika tangu siku ile.

"Nilijua pua yangu imekufa," aliniambia. "Si mjinga. Lakini nilijiambia, mama yupo. Akisema imetulia, imetulia. Nilimwegemea kama ukuta."

"Na ukuta wenyewe ulikuwa unakudanganya," alisema Fusae kutoka kwenye beseni la vyombo.

"Ukuta ulikuwa unanihurumia."

"Ndiyo mbaya zaidi, baba."

Nagisa alikuwa anapangusa mwani kwa kitambaa, akaendelea kupangusa kipande kile kile.

Sasa anayepika ni yeye. Baba yake hawezi kuonja, hivyo anasikiliza. Anajua kwa sauti ya maji wakati wa kutoa mwani, na kwa sauti ya kisu kama samaki amekatwa au amepasuliwa. Fusae huonja kijiko cha mwisho kama zamani, lakini amejifunza neno jingine.

"Bado," alisema siku niliyokuwepo.

"Bado nini, mama?" aliuliza Nagisa.

"Bado tu."

"Bado ya chumvi au bado ya mwani? Niambie nimwage kwa sababu."

"Mwani. Umekaa motoni mno, supu inanata."

"Nilisikia," alisema Sadaharu bila kugeuka. "Maji yalianza kuimba na yeye anatazama simu."

"Sikutazama simu."

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, baba."

Mzee akasogeza kigoda chake kidogo, kana kwamba mguu wake mmoja umekaa vibaya. "Mimi siivi," alisema. "Tazama sufuria."

Supu ile ilimwagwa. Zimemwagwa nyingi tangu masika. Lakini katikati ya Oktoba, jioni ya mvua, Fusae alionja kijiko, akafumba macho, akasema, "Imetulia." Nagisa hakuamini, akamwomba aonje tena. Akaonja tena. Neno halikubadilika.

Hapakuwa na mgeni wa kumpelekea. Walizijaza bakuli tatu, wakazifunika, wakapanda nazo chumba cha bustani, wakakaa mahali pa wageni ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukaa. Sadaharu alifunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni. Alikunywa taratibu, akamaliza, akaweka bakuli kwenye mkeka.

"Ni ya moto," alisema. "Hilo tu ndilo ninalolijua."

Nagisa anasema alitoka nje kwa kisingizio cha kuchukua chai.

Familia imekubaliana jambo moja. Ikifika theluji ya kwanza kabla kaya yoyote ya Tobune haijaagiza tena chumba cha bustani, lango litafungwa. Jirani wa upande wa mto anapataka pafanywe maegesho ya magari. Seremala ameshakuja kugonga nguzo na kusikiliza zipi bado nzima za kutumiwa kwingine.

"Nina mikono, nitapata kazi," anasema Nagisa. "Hotelini pale pale kwenye stesheni, labda. Nitakuwa nafungua supu ya pakiti. Wala sitahitaji mtu wa kuonja."

Kwa nini mji haurudi, ilhali sasa kila mtu anajua kwamba mpishi ni binti? Nimelitafuta jibu, na nililolipata linanitia aibu. Atakayerudi atakuwa amekiri kwamba aliondoka. Atakayekiri aliondoka itabidi aseme kwa nini. Kwa hiyo tunapita kwenye njia nyingine kwenda sokoni, na tunaiita hiyo heshima.

Hirobe, yule muuza tofu, hakuacha kabisa. Kila asubuhi anaweka kipande kimoja cha tofu kwenye mlango wa nyuma, kile cha katikati ya ubao ambacho hakina kona iliyovunjika. Hagongi. Na kila alasiri hupita mbele ya lango akirudi na mkokoteni wake mtupu.

Leo Fusae anamsubiri. Mawe bado yamelowa. Hirobe anatokea kwenye kona, mfupi, kofia ya sufu imefunika masikio, na anapofika langoni anapanua hatua ili asikanyage jiwe la mwisho lenye maji.

"Kanyaga tu, Bwana Hirobe. Yameloweshwa kwa ajili hiyo."

"Viatu vyangu vichafu, mama. Nitakuharibia kazi."

"Tofu yako ya asubuhi ilikuwa nzuri. Nagisa ameitia kwenye supu."

"Ni mabaki tu yale."

"Si mabaki. Mimi naijua katikati ya ubao." Fusae anaweka ndoo chini. "Ingia uonje. Kijiko kimoja, hulipi kitu. Ukiona chumvi imezidi, sema imezidi. Ukiona ni maji ya kuoshea vyombo, sema hivyo hivyo. Baba yuko ndani, anataka kusikia mtu wa nje akisema."

Hirobe anavua kofia. Kwa muda anatazama mwanzi, anatazama lango, anatazama mahali Sadaharu angeonekana kama ukuta usingekuwepo. Mdomo wake unafunguka, na mimi niliyesimama pale na kalamu nilidhani sasa atasema.

"Chakula cha nyumba hii, mama," anasema, "hakijawahi kuwa na kasoro."

Anainama sana, chini kuliko anavyoinama siku zote. Kisha anavaa kofia na kushika mkokoteni wake. Fusae naye anainama, na anabaki ameinama mpaka magurudumu hayasikiki tena, kama anavyowasindikiza wageni waliokula wakashiba.

Anapoinuka, nyuma ya paa la saluni, kilele cha mlima kimeshakuwa cheupe.

"Theluji ikifika hapa chini mawe hayamwagiwi maji," anasema. "Yakiganda mtu atateleza."

Namuuliza basi atafanya nini.

"Kesho nitamwaga," anasema. "Nataka mtu mmoja tu asimame hapa aniambie, 'Mama, leo imezidi.' Nitainama mpaka paji la uso liguse jiwe. Kisha nitaenda kumwambia baba."

Anaokota ndoo yake na kuingia. Mawe ya upande wa barabara yameanza kukauka.