Waheshimiwa Watatu Kwenye Foleni ya Kunyolewa

Jumamosi, kwenye saluni moja ya Wakongo huku Umbilo, mtaa wa Durban, kinyozi aliita, "Honorable, zamu yako!" Kwetu mbunge huitwa hivyo hadi kaburini. Tukasimama watu watatu. Mimi niligombea ubunge wa jimbo mara moja, nikashindwa vibaya, lakini hapa Durban sijawahi kumsahihisha mtu anayeniita Honorable.

"Eish! Kati yenu, nani alikaa bungeni kweli?" akauliza mama aliyekuwa akisukwa.

Mmoja akainamia simu yake. Mwingine akakumbuka kwamba ameegesha gari vibaya. Mimi nikakohoa.

"Ni mimi," akasema kinyozi, akipuliza nywele kwenye mashine. "Miaka mitano. Haya, nani anaanza?"

Nikaketi. "Samahani, Honorable."

"Inamisha kichwa," akasema.

Kilikuwa kimeshainama.