Kwenda Orvieto na Kurudi

Duka la simu nililofanyia kazi lilikuwa katikati ya mji wa Durban, limebanwa kati ya saluni na duka la viatu. Lilikuwa na vibanda vitano vya mbao, kila kimoja na simu yake. Mimi nilikaa mbele kwenye kaunta, nikiwaunganisha watu na Lubumbashi, Bukavu, Kinshasa na Dar es Salaam huku nikitazama mita. Milango ya vibanda ilikuwa myembamba, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Nilimsikia mlinda magari akimwambia mama yake kwamba siku hizi ni meneja. Nilimsikia mwanamke aliyeingia akilia akiangua kicheko mara tu kwao walipopokea. Na niliwasikia waliopiga Brussels na Paris, kwa ndugu walioondoka hapa wakisema wanakwenda kutembea tu, na mpaka leo wanatembea.

Ndiyo maana niliposema kwamba akiba yangu imetosha, kwamba nataka kwenda Italia kuuona mji uitwao Orvieto kisha nirudi, hakuna aliyelisikia neno la mwisho.

Mwenzangu tuliyekuwa tukiishi naye chumba kimoja mtaa wa Umbilo alianza jioni ile ile.

"Haya mapazia utaniachia?"

"Nitarudi."

"Sawa, shoga, utarudi. Lakini mapazia utaniachia?"

Sababu yangu ya kwenda ilikuwa kuhakiki jambo. Nimekulia Iringa, mji uliokaa juu ya kilima, na shuleni tulikuwa na mwalimu mtawa, Mwitaliano mzee na mkali. Mabomba yalipokauka tulishuka bondeni kuchota maji, tukapandisha na ndoo kichwani tukinung'unika njia nzima. Siku moja alitusimamisha akatuambia kwamba mji wao nao uko juu ya mwamba, na kwamba watu wa zamani walichimba kisima kipana kiasi kwamba punda waliingia ndani kwa miguu yao, wakashuka mpaka kwenye maji na kupanda nayo. Njia zilikuwa mbili, zimezungukana kama nywele zilizosokotwa, hivyo anayeshuka hakutani kamwe na anayepanda. Wenzangu walicheka. Walisema anatutungia hadithi ili tunyamaze. Mimi sikucheka wala sikuamini. Nilitaka kuona.

Miaka mingi baadaye, katika maktaba ya mji wa Durban, nilikuta kitabu cha wasafiri chenye picha ya kisima hicho. Shimo refu lenye giza, na madirisha yakizunguka ukuta hadi chini. Kumbe kipo. Lakini picha haikunitosha, kwa sababu picha haiwezi kukuonyesha kama anayeshuka hakutani na anayepanda. Nilianza kupanga. Treni kutoka Roma, kisha kigari kinachovutwa kwa kamba ya chuma kutoka stesheni hadi juu mjini, na nyumba ya wageni nyuma ya kanisa kuu. Nilichagua majira ya baridi ya kule, wakati watalii ni wachache na vyumba ni rahisi.

Mwenye duka alikuwa mama wa Lubumbashi, mwimbaji wa kwaya, mkarimu na mwenye sauti. Nilipomwomba likizo alinikumbatia.

"Mwanangu! Mungu iko. Nenda, usiangalie nyuma."

Kesho yake nilimkuta mtoto wa dada yake amekaa kwenye kiti changu, akifundishwa kusoma mita.

Ofisi ya viza nayo ilikuwa na swali moja tu. Kijana wa dirishani alitaka kujua ni nini kitakachonirudisha. Nikamwambia ni kazi yangu. Akasema watampigia simu mwajiri wangu waulize kama nafasi yangu imewekwa. Nikarudi dukani nikamweleza Mama.

"Wakipiga, nitawaambia place yako iko," akasema, akinikonyeza. "Hata nitasema uko binti yangu."

"Lakini ipo kweli?"

"Ma chère, hiyo ni maneno ya wazungu. Watu wanaendaka Ulaya, wanabakiaka kule. Utarudia huku kufanya nini? Kusikiliza mita?"

"Ndiyo. Kusikiliza mita."

Binti wa kwenye kiti akacheka. Hapo nikakasirika.

"Mama, yule wa dirishani anadhani nadanganya nikisema nitarudi. Ninyi pia mnadhani nadanganya, ila ninyi mnashangilia. Sitaki kusaidiwa kudanganya wakati nasema kweli. Kama kiti si changu tena, waambie si changu."

"Utanyimwa viza!"

"Basi ninyimwe. Kila siku wazungu wanashuka hapa, wanapiga picha baharini, wanarudi kwao, na hakuna anayewaomba mapazia. Nami nataka kutembea hivyo hivyo."

Mteja mmoja alichungulia kutoka kibandani, simu bado sikioni. "Ngoja kwanza, mke wangu," akamwambia aliyekuwa Bukavu. "Huku iko vita."

Mama alishusha sauti. "Mimi ningepata hiyo njia, ningeenda na hii nguo moja."

"Najua, Mama. Ukiipata, nenda. Sitakuuliza. Lakini mimi si wewe."

Siku iliyofuata hatukuongea zaidi ya salamu.

Simu ilipigwa asubuhi moja, duka limejaa. Mama aliipokea kwa Kiingereza chake cha kanisani. Ndiyo, anafanya kazi hapa. Ndiyo, ni mtu mwaminifu. Kisha akanyamaza, nikajua ameulizwa. Alinitazama. Sikumtikisia kichwa wala sikuinamisha macho. Akaziba simu kwa kiganja na kumgeukia mtoto wa dada yake.

"Toka kwa hii kiti. Utajifunza kusuka, pale saluni."

"Eish, Mama!"

"Toka!"

Binti aliinuka akisonya, akachukua mkoba wake akatoka. Mama alisubiri mpaka mlango ulipofungwa, ndipo akaondoa kiganja na kusema kwamba nafasi yangu ipo na hakuna mtu mwingine aliyekaa hapo. Alikata simu kwa kishindo.

"Usiporudia, mimi ndiyo nitakuwa muongo. Mimi, mama ya kanisa! Vraiment, kweli, uko na kichwa nguvu."

Viza ilitoka. Siku niliyoichukua nilipanda kwenye kiti mbele ya wateja wote, nikachukua chaki, na kwenye ubao wa bei, chini ya nchi ya mwisho, nikaandika: DADA WA KAUNTA ATAKUWA KAZINI JUMATATU. Nikaongeza tarehe na kuipigia mstari.

Yule mteja wa Bukavu aliusoma akacheka hadi akashika mlango.

"Jumatatu ya mwaka gani, dada?"

"Tarehe si hiyo hapo? Njoo, nitakuunganisha mwenyewe."

"Na nisipokukuta?"

"Njoo kwanza," nikamwambia, nikashuka kwenye kiti na kukikalia.